Programu ya malipo ni bure, lakini bei ya shilingi Busia itapangwa na nani?

Shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda hukutana Busia kila asubuhi, na zinakokutana si benki. Ni kwa wabadilishaji fedha wanaokaa kando ya barabara na vibunda vya noti, hatua chache kutoka kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Februari 2018. Kituo hicho kilirahisisha kazi ya malori na makaratasi. Hakikugusa namna mwenye trei za mayai kutoka Tororo anavyolipwa na mnunuzi wake wa upande wa Kenya.

Suala hilo la malipo sasa limefika mezani. Mwaka 2025 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango mkuu wa mfumo wa malipo ya kuvuka mipaka, wenye nia ya kuunganisha mifumo ya nchi wanachama ili pesa zifike haraka na kwa gharama ndogo. Kwa nchi inayotaka kujenga mfumo wa namna hiyo, njia mojawapo ni programu huria iitwayo Mojaloop, iliyotolewa Oktoba 2017 kwa ufadhili wa Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Hata jina lake limeazima neno la Kiswahili, "moja".

Programu kuwa huria maana yake ni kwamba maandishi yake yako wazi. Benki kuu au kampuni yoyote inaweza kuyachukua, kuyakagua, kuyabadilisha na kuyatumia bila kulipa leseni. Kwa mchuuzi, jambo hili si la kompyuta. Ni la nani anamiliki daraja ambalo pesa zake zinapita.

Kwa sasa daraja ni la kampuni. Tangu 2015, Safaricom na MTN zimekuwa na makubaliano yanayowezesha pesa kutoka M-Pesa kwenda MTN Uganda. Pesa hufika, hilo halina ubishi. Lakini ada na kiwango cha kubadilisha fedha hupangwa na watoa huduma wenyewe, na kila kampuni mpya inayotaka kuingia hulazimika kutafuta mkataba wake na kila mwenzake. Kwa swichi ya pamoja, benki, kampuni ya simu au chama cha akiba na mikopo hujiunga mara moja tu na kuwafikia wote.

Swichi yenyewe haishiki pesa za mteja. Hutafuta namba ya mpokeaji imesajiliwa wapi, huleta makadirio ya gharama, na mtumaji akikubali ndipo malipo yanapofungwa pande zote mbili. Taasisi husawazisha hesabu zao baadaye. Hatua ya makadirio ndiyo yenye thamani kubwa kwa watu wa mpakani. Mnunuzi akiiona ada na kiwango cha kubadilisha kabla ya kubonyeza, anaweza kulinganisha na bei ya yule bwana wa kando ya barabara.

Wengine katika kanda wametangulia. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuujaribu mfumo wake wa TIPS mwaka 2021, ukiwa na mizizi katika Mojaloop, na Rwanda ikafuata na eKash. Nchi mbili ambazo wafanyabiashara wake hupishana Busia na Malaba ndizo zilizo nyuma, na hapo kuna kichekesho kidogo, maana Kenya ndiko M-Pesa ilikozaliwa mwaka 2007. Kenya ina PesaLink ya mabenki tangu 2017, na mikoba ya simu ya kampuni tofauti imeweza kutumiana pesa tangu 2018. Mkakati wa malipo wa Benki Kuu ya Kenya wa 2022 hadi 2025 ulitaja mfumo wa malipo ya haraka unaowahusisha wote. Uganda ina sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020 inayoipa Benki Kuu yake meno ya kusimamia sekta hiyo. Bila kila nchi kuwa na swichi yake inayofanya kazi, hakuna cha kuunganisha mpakani.

Benki zina EAPS, mfumo wa kanda unaolipa kwa sarafu za Afrika Mashariki na uliozinduliwa rasmi mwaka 2014. Huo hupita benki kwa benki na unamfaa mwagizaji mkubwa wa saruji ya Tororo. Mama mwenye magunia matatu ya maharage haendi kujaza fomu benki kwa ajili ya malipo ya siku moja.

Tatizo ambalo programu peke yake haiwezi kulitatua ni bei ya shilingi kwa shilingi. Benki mara nyingi huipata kwa kupitia dola: shilingi ya Kenya kwenda dola, dola kwenda shilingi ya Uganda, na kila hatua ina faida ya mtu. Tuseme mnunuzi wa Busia, Kenya, anatuma shilingi 50,000. Kiwango kikiwa 28, muuzaji anapata 1,400,000 za Uganda. Kikishuka hadi 27.5 amepoteza 25,000, bila ya neno "ada" kuonekana popote. Mbadilishaji wa barabarani naye huchukua faida yake, lakini hutaja bei waziwazi, na mteja anaweza kusogea kwa jirani yake.

Halafu kuna kodi. Uganda hutoza asilimia 0.5 ya pesa zinazotolewa kwenye simu, kiwango kilichowekwa baada ya ile asilimia 1 ya Julai 2018 kupigiwa kelele. Katika mfano wetu, muuzaji akitoa zote, 7,000 zimekwenda kabla ya ada ya wakala. Kwa nini basi asiendelee na noti?

Sababu zipo. Noti huibwa, noti huwa bandia, na noti haiachi kumbukumbu ambayo chama cha mikopo kinaweza kuiangalia. Kumbukumbu hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayowatia hofu wale wanaopita Sofia na Marachi kwa njia za panya, kwamba itaishia mezani kwa mtoza ushuru. Hofu hiyo si ya kupuuzwa na wanaochora mifumo.

Wengi tayari wana jawabu lao la nusu: laini mbili, moja ya kila upande, kwa kuwa mawimbi ya simu hayaombi pasipoti. Shida ni usajili. Anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au rafiki wa ng'ambo ameweka mtaji wake mfukoni mwa mtu mwingine. Wakikosana, au laini ikipotea, hana pa kudai. Swichi inayofikisha pesa moja kwa moja kwenye laini yake halali ya nyumbani ingeondoa hatari hiyo, na kwa wanawake wengi wa biashara ndogo huenda faida hiyo ikapita nafuu ya ada.

Brazili inatoa kipimo. Mfumo wake wa Pix, ulioanza Novemba 2020, ulijengwa na benki kuu yenyewe. Kilichoufanya usambae ni amri: taasisi zenye akaunti zaidi ya 500,000 zililazimika kujiunga, na watu binafsi hawatozwi kwa kutuma. Kwa Nairobi na Kampala, amri kama hiyo ingegusa mapato ya kampuni kubwa za simu, ambazo nazo ni walipa kodi wakubwa. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo, wala si kwenye maandishi ya programu.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Busia anayefuatilia habari hizi ana mambo matatu ya kuyatafuta katika kanuni zitakapotoka: kama kampuni kubwa zitalazimishwa kujiunga, kama kiwango cha kubadilisha kitaonyeshwa kabla ya kutuma, na kama wabadilishaji wa barabarani watapewa leseni waingie ndani ya mfumo kama mawakala au wataachwa nje washindane nao. Hilo la tatu halisikiki sana vikaoni. Wao ndio wenye noti za sarafu zote mbili saa kumi na mbili asubuhi, mayai yanapoanza kushushwa.