Bunduki Inasikilizwa, Lakini Inaomba Nini?

Simama Birere na wanaume wanaongoja wateja, hutakaa sana kabla mmoja hajasema: hapa Goma asiye na bunduki hasikilizwi. Wenzake wataitikia. Vijana wa LUCHA, harakati isiyoshika silaha, watatajwa kwa huruma, kama watoto wenye nia njema wasioijua nchi yao. Nimeyasikia hayo kwa motari, kwa mwalimu, hata kwa padri, na kwangu ni uongo tuliokwisha kuuzoea.

Kwamba bunduki inasikilizwa, sikatai. Tangu 1996 tumeipa kila nafasi. Waasi wa AFDL walipita hapa. RCD iliufanya mji huu makao yake 1998, CNDP ikafika mlangoni 2008, M23 wakaingia Novemba 2012 na tena Januari 2025. Kila kundi lilidai kututetea. Sasa tazama lilichopata lilipoketi mezani. RCD ilitoka kwenye mazungumzo na kiti kimoja cha makamu wa rais kati ya vinne. CNDP, kwa mkataba wa tarehe 23 Machi 2009, ilipewa nafasi jeshini na ruhusa ya kuwa chama cha siasa; baadaye baadhi yao wakasema hawakutimiziwa, wakaasi tena na kujiita M23, kwa tarehe hiyo hiyo. Vyeo, msamaha, vyeo tena. Bomba kavu la mtaa wa Majengo halikuwa na msemaji pale mezani.

LUCHA ilizaliwa mji huu huu, 2012, na maji yalikuwa kati ya madai yake ya mwanzo: tuko kando ya Ziwa Kivu, na mama bado anahangaika na bidoni ya manjano. Silaha yao ilikuwa kuketi chini barabarani mbele ya polisi. Nitaulizwa: na hayo maji yako wapi? Swali la haki. Januari 2025, vita vilipokata umeme na mabomba yakakauka, watu walichota ziwani. Ila sijamsikia mtu akiiuliza bunduki swali hilo.

Februari 2016, siku chache baada ya timu yetu ya taifa, Léopards, kuchukua kombe la CHAN kule Kigali, vijana sita wa LUCHA walikamatwa hapa alfajiri wakitayarisha mabango ya siku ya ville morte, mgomo wa kufunga mji. Ujumbe wao: kombe tumeshinda, mwaka huu tutashinda na demokrasia. Kwa mabango hayo mahakama iliwapa miaka miwili, kisha rufaa ikapunguza hadi miezi sita. Rebecca Kabugho alikuwa mmoja wao. Demokrasia haikuja mwaka ule. Rais Kabila alipitisha muhula wake kwa miaka miwili, na uchaguzi wa 2018 una doa lake. Lakini hakugombea tena, na Januari 2019 alikabidhi madaraka. Waliomsukuma ni maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waandamanaji waliouawa Kinshasa, majirani waliochoka naye, na vijana wenye mabango. Hakuna kikosi kilichoteremka kutoka msituni kumtoa.

Bei ni kubwa, na anayeificha ni mwongo mwingine. Luc Nkulula wa LUCHA aliteketea ndani ya nyumba yake Juni 2018. Mwimbaji Delcat Idengo alikuwa amefungwa katika gereza la Munzenze, hapa Goma, chini ya serikali ya Kinshasa. Gereza likavunjwa mji ulipoanguka, akatoka, na Februari 2025, Goma ikiwa mikononi mwa M23, akapigwa risasi akirekodi video. Tawala mbili, na zote zilimkuta bila silaha.

Siku zile nilisikia tena: mmeona, maneno hayafai kitu. Ajabu ni kwamba wanaotwambia tunyamaze kwa sababu Idengo alikufa hawajamzuia hata kijana mmoja anayepanda kwenda Masisi kujiunga na kundi, wakimwambia abaki nyumbani kwa kuwa waliomtangulia walikufa.