Afya na Nyumba: Chupa Moja, Vidole Mia



Juma hili twajibu swali la msichana mmoja wa Goma, ajipatiaye riziki kwa kupamba kucha za akina mama karibu na soko la Virunga. Kazi hiyo ndiyo imlipiayo mdogo wake karo ya shule. Asema kwamba kila amalizapo kazi huwapaka wateja mafuta pembeni mwa kucha, kwa chupa ndogo yenye brashi iliyoshikamana na kifuniko chake. Mama mmoja alirudi baada ya siku tatu, kidole kimevimba na kutunga usaha, akamlaumu mbele ya watu. Basi auliza: je, mafuta yaweza kudhuru? Naye afanye nini, hali hana fedha ya kumnunulia kila mteja chupa yake?

Labda wengine watasema kwamba kucha ni mambo ya urembo tu, hayastahili kuandikwa katika gazeti letu. Sivyo. Mtu aliyeweka mkono wake katika mkono wa mwingine amemkabidhi afya yake. Na amri ya tano haikatazi upanga na sumu peke yake. Yatukataza pia kumdhuru jirani kwa uzembe.

Tuutazame kwanza ukucha wenyewe. Pale unapoota, kuna utando mwembamba wa ngozi ulioushika ukucha kama udongo uzibao ufa wa ukuta. Mwenyezi Mungu hakuuweka bure. Utando huo huziba nafasi iliyo kati ya ukucha na nyama, ili maji na vijidudu visipenye. Maji, sabuni na aseton ya kuondolea verni huukausha. Nao ukikauka hupasuka na kuchanika. Hapo ndipo mafuta yafaapo: huzuia unyevu usitoke upesi, na kuulainisha utando usipasuke. Mafuta ya nazi, ya zeituni, ya parachichi au ya mbarika, yote hufanya kazi hiyo vizuri.

Lakini jueni jambo hili: mafuta hulainisha, hayaui vijidudu. Verni ina dawa kali ikaukayo upesi, hata vijidudu havistawi humo kwa urahisi. Mafuta sivyo. Brashi ikigusa ngozi ya mteja wa kwanza huchukua uchafu wake, na pengine damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Ikirudishwa chupani, huacha humo ilichokichukua. Mteja wa kumi akija apakwa mafuta pamoja na mabaki ya wale tisa waliomtangulia. Kama utando wake umekatwa kwa mkasi muda mfupi uliopita, mlango u wazi, na brashi ndiyo imwingizayo mwizi. Ndivyo mafuta mema yawezavyo kuwa njia ya usaha.

Usaha wa kidole huuma sana, lakini kuna mabaya kuliko huo. Kirusi cha homa ya ini ya aina ya B hukaa katika damu, nacho chaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, juu ya chuma au meza. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huo wa kudumu, na wengi wao hawajui. Mtu aweza kuonekana mzima, mcheshi, amevaa kitenge kipya, kumbe anao. Kwa hiyo fundi asichague wateja kwa sura. Awe msafi kwa wote sawasawa.

Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wazazi wakifa kwa homa katika hospitali yake. Mwezi wa Aprili walikufa kama 18 katika kila 100. Madaktari hawakuwa watu wabaya. Walitoka kupasua maiti, wakaenda kuwazalisha akina mama kwa mikono ambayo waliiona safi. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 tu katika 100. Wengine wa wakati wake walimkasirikia, maana ni vigumu kukubali kwamba mkono wako mwenyewe ndio uliobeba mauti. Hata hivyo mkono haukuwa na nia mbaya. Ulikosa maji tu.

Sisi watu wa Goma tunalijua somo hili. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola katika mji wetu alithibitishwa tarehe 14 Julai 2019. Siku zile ndoo yenye bomba na maji ya klorini iliwekwa mbele ya maduka, makanisa na shule, na hakuna aliyeona haya kunawa. Ugonjwa ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ndoo nyingi zilikauka. Kisha mpox ikaenea katika Kivu, hata tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa ulimwengu. Ugonjwa huu nao huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Vijidudu havijui kalenda yetu.

Basi, dada yetu, shika utaratibu huu.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, nawe umnawishe mteja. Twajua kwamba mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, na kwamba wengi hununua maji kwa bidoni. Lakini maji ya kunawia mikono minne hayazidi kikombe kimoja au viwili.

Pili, tazama vidole vya mteja. Ukiona jeraha, usaha, upele au malengelenge, usifanye kazi wala usipake mafuta. Mwambie kwa upole, faraghani, aende zahanati kwanza.

Tatu, usiukate utando wa ukucha. Uloweshe, ulainishe, kisha usukume polepole kwa kijiti. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ukiumia shinani, mwenyewe ataubeba ubaya huo miezi mingi.

Nne, na hili ndilo jibu la swali lako: brashi ya chupa isiguse kamwe ngozi ya mtu. Huna haja ya kununua chupa nyingi. Tia matone mawili au matatu katika kisahani safi. Zungusha pamba kidogo kwenye kijiti cha kuchokolea meno, chovya kisahanini, upake, kisha utupe. Mteja mwingine apate kijiti kingine na matone mengine. Mafuta yaliyobaki kisahanini usiyarudishe chupani hata kama ni mengi. Osha kisahani kwa sabuni. Chupa yenye kidonda cha matone yafaa pia, mradi ncha yake isiguse kidole.

Tano, kama utapaka verni, pangusa kwanza mafuta yote juu ya ukucha, la sivyo verni haitashika. Mafuta ya mwisho yapakwe verni ikiisha kukauka kabisa.

Sita, vyombo vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi, kisha vichemshwe dakika 20 tangu maji yaanzapo kutokota. Usipunguze dakika hizo: mji wetu uko juu sana, karibu mita 1,500, na maji yetu hutokota kabla ya kufika digrii 100. Klorini kali hula chuma. Usiloweke mikasi humo kwa muda mrefu. Tupa ya karatasi haiwezi kusafishwa. Iwe ya mtu mmoja, aende nayo nyumbani.

Saba, ihifadhi chupa ya mafuta mahali pa giza na baridi, kifuniko kimekazwa. Mafuta yakianza kunuka vibaya, yamwage. Nayo chupa ile ya zamani yenye brashi, imwage leo.

Juu ya mama aliyekulaumu: mtembelee, umpe pole, umshauri aende kwa muuguzi, na umweleze utaratibu wako mpya. Usibishane naye sokoni. Jina jema la fundi halirudi kwa maneno. Hurudi kwa kazi.

Nanyi akina mama mnaopambwa, msione haya kumwambia fundi: "Mwanangu, nipe kijiti kipya." Huko si kumdharau. Tena msidai bei ndogo kupita kiasi, maana mteja apunjaye fundi humfundisha kupunguza sabuni. Wauguzi na wakunga, ninyi kateni kucha zenu fupi na kuacha kucha za bandia, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoagiza mwaka 2009, kwa sababu chini yake vijidudu hujificha.

Wakristo tunajua kuyaheshimu mafuta. Msamaria mwema aliyatia katika vidonda vya mtu asiyemjua. Padre apakapo Mafuta Matakatifu hupangusa kwa pamba, na pamba ile huteketezwa kwa moto, haitupwi ovyo. Mafuta ya sokoni si sakramenti, lakini kidole kinachopakwa ni cha mtu yule yule, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Dada yetu, kijiti kile unachokitupa baada ya kila mteja ni upendo wa jirani, ingawa hakuna atakayekusifu kwa ajili yake. Mungu aonaye sirini amekiona.

Kwa herini, hadi juma lijalo.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu