Mwenye Kiwanda, Mwenye Shamba na Mwenye Jembe: Mapambano ya Kitabaka Bungoma na Kitale

Katika fikra za kijamaa, tabaka ni kundi la watu wanaofanana kwa nafasi yao katika uzalishaji: ama wanamiliki ardhi, mashine na mtaji, ambavyo kwa pamoja huitwa njia kuu za uzalishaji, ama hawana cha kuuza ila nguvu zao za kazi. Karl Marx na Friedrich Engels, katika Ilani ya Chama cha Kikomunisti ya mwaka 1848, waliiona jamii ya kibepari ikizidi kugawanyika katika kambi mbili, mabwanyenye wenye viwanda upande mmoja na wafanyakazi wasio na mali upande wa pili. Inafaa kuhoji kama mgawanyiko huo unaeleza lolote katika nchi ya mahindi na miwa iliyo chini ya Mlima Elgon, yaani Bungoma na Trans Nzoia magharibi mwa Kenya, ambako aliyeajiriwa kiwandani huwa pia na shamba nyumbani, na mwenye shamba aghalabu ni maskini kuliko karani wa kiwanda. Makala haya yanashikilia kwamba unaeleza mengi, ila mstari wa mapambano haupiti pale wajamaa wengi walipozoea kuuchora.

Trans Nzoia ya kikoloni ndiyo iliyoukaribia zaidi mchoro wa Marx. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ardhi iliyozunguka Kitale iligawiwa walowezi, wakiwemo askari waliotoka vitani, nao walihitaji watu wa kuilima. Ni sheria iliyowaleta watu hao, wala si mvuto wa ujira. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota, yaani Waafrika walioruhusiwa kuishi, kulima na kulisha mifugo kwenye mashamba ya walowezi, wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikayapa mabaraza ya wilaya, yaliyokuwa mikononi mwa walowezi wenyewe, uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270 na kupunguza mifugo. Pamoja na hayo kulikuwa na kipande, hati ya kazi ambayo mwanamume alitembea nayo shingoni. Marx aliita hatua ya namna hii ulimbikizaji wa awali, akimaanisha kumtenga mkulima na ardhi yake kwa nguvu ili asibakiwe na njia ya kuishi isipokuwa kuajiriwa. Skwota aliyenyang'anywa ng'ombe wake alikuwa akisukumwa, hatua kwa hatua, awe kibarua mtupu.

Upinzani ulipozuka, haukuvaa vazi la chama cha wafanyakazi. Mombasa ilifanya mgomo mkuu Januari 1947 na ikawa na chama cha wafanyakazi cha Chege Kibachia, na Nairobi ilikuwa na vyama vya akina Makhan Singh, lakini Bungoma ilikuwa na Elijah Masinde wa Kimilili na Dini ya Msambwa, iliyohubiri kuirudia mizimu ya wahenga na kuondoka kwa Wazungu. Serikali ilimpeleka Masinde hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, na Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi. Mwaka huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku. Mjamaa wa vitabuni angeiita hali hiyo fahamu potofu, yaani kutoyatambua maslahi ya tabaka lako mwenyewe. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa dini hiyo iliwavuta vibarua wengi wa mashamba ya Trans Nzoia, na walichokidai, ardhi na kuachwa huru na kazi ya shuruti, kilikuwa ndicho kiini hasa cha mgogoro wao na wenye mashamba.

Uhuru ulipokuja, watawala wapya waliona ni afadhali kutangaza kwamba matabaka yenyewe hayapo. Mwalimu Julius Nyerere wa Tanganyika alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1962 kwamba ujamaa wa Kiafrika hauanzii kwenye mgongano wa matabaka, na Waraka Namba 10 wa Serikali ya Kenya wa mwaka 1965 ukasema vivyo hivyo kwa nia tofauti kabisa, maana huku ukijiita wa kijamaa ulilinda mali ya binafsi. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi viliunganishwa chini ya shirikisho moja, COTU, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka orodha ya majina matatu. Ni ajabu kidogo kwamba nchi isiyo na matabaka ilihitaji kuwashika wafanyakazi wake kwa mkono imara kiasi hicho.

Mfano ulio wazi zaidi leo ni Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978 ikiwa karibu yote mali ya serikali. Mkulima wa Bungoma mwenye ekari mbili ana hati ya ardhi, na kwa maana ya kisheria ni mmiliki. Hata hivyo, kwa mkataba wa kilimo, kiwanda humkopesha kulimiwa, mbegu na mbolea. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi. Tarehe ya kukata hupangwa na kiwanda. Uzito hujulikana kwenye mizani ya kiwanda. Kisha gharama za pembejeo, ukataji na usafirishaji hukatwa kabla mkulima hajaona senti. Miwa iliyokwisha kukatwa ikilala siku kadhaa kwenye trela hukauka na kupungua uzito, na hasara hiyo ni ya mwenye shamba. Mtu wa namna hii ana ardhi lakini hana uamuzi, na kwa mizani ya Marx yuko karibu zaidi na mfanyakazi anayelipwa kwa kipande cha kazi kuliko na bwanyenye.

Hapo ndipo jambo linapopinda, kwa sababu chini ya mkulima huyo yuko mkata miwa, anayelipwa kwa tani, asiye na shamba la kutosha, na ambaye ujira wake hutoka katika makato yaleyale. Malipo ya mkulima yakichelewa, yeye humnung'unikia meneja, huku akitamani kiwango cha mkata miwa kishuke. Unyonyaji, yaani kujitwalia thamani ya ziada ambayo mfanyakazi huizalisha kupita ujira wake, unateremka kama maji kwenye ngazi, na kila anayekanyagwa ana wa kumkanyaga. Huko Kitale vivyo hivyo: mwenye ekari tano za mahindi anayelalamikia bei ya gunia la kilo 90 ndiye huyohuyo anayewapunja vibarua wa palizi.

Je, umma ukimiliki, mapambano hukoma? Nzoia inajibu hapana. Chini ya serikali kiwanda kililimbikiza madeni ya mishahara na ya miwa kwa miaka, na msomi Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu matabaka Tanzania, alikwisha kueleza jinsi watendaji wa dola wanavyoweza kugeuka tabaka tawala linalosimamia mali ambayo kwa karatasi ni ya wananchi. Lakini kosa la umma halihalalishi jibu lililotolewa mwaka 2025, serikali ilipoikodisha Nzoia kwa kampuni binafsi ya West Kenya Sugar kwa miaka 30. Webuye, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Pan African kilisimama mwaka 2009 na kuuzwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2016, na mji uliojengwa juu yake haujarudia uhai wake wa zamani. Kubadilisha mwenye kiwanda bila kubadilisha nani anayeshika mizani, kalenda ya ukataji na daftari la makato ni kubadilisha jina kwenye lango tu.

Kinachowezekana, na kinachopaswa kudaiwa Bukembe, kiwanda cha Nzoia kilipo, kabla ya kudaiwa Nairobi, ni kwamba chama cha wafanyakazi wa sukari na vyama vya wakulima viache kujadiliana na kiwanda kila kimoja kivyake, na vidai pamoja mambo matatu yaandikwe mkatabani: mizani ikaguliwe na mtu aliyechaguliwa na wakulima, malipo yakichelewa yatozwe riba, na mkata miwa awe na kima chake cha chini kisichotegemea makato ya mkulima. Dai la tatu ndilo gumu zaidi kwa sababu linamgusa mkulima mwenyewe mfukoni, na likiachwa nje, mwekezaji hatahitaji kuwagawanya, watakuwa wamejigawanya wenyewe.