Trekta la bustani la umeme: Betri ya risasi au lithiamu?

Jimbo la California nchini Marekani liliamua kwamba injini ndogo mpya za mashine nyingi za bustani, kuanzia toleo la 2024, zisitoe moshi kabisa. Za zamani zinaruhusiwa kuendelea kutumika.

Kwa anayetaka trekta jipya la kukatia nyasi, linalobaki ni kuchagua betri. Na hapo ndipo pesa inapopotea.

Swali si geni. General Electric ilianza kuuza trekta la umeme la Elec-Trak mwaka 1969, likiwa na betri sita za volti 6, zile za risasi na asidi ambazo wengi huziita betri za maji. Yapo yanayofanya kazi hadi leo, na kila betri zikifa mwenye trekta anarudi kwenye hesabu ileile.

Betri sita za aina hiyo, zenye 225Ah kila moja, zinabeba uniti 8 za umeme. Kwenye karatasi, lakini. Ukitaka zidumu, usitumie zaidi ya nusu. Tena hiyo 225 hupimwa kwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa 20, wakati trekta likikata nyasi huvuta umeme mwingi kwa mpigo. Mwenye sola nyumbani, Dodoma au Kisumu, anaujua mchezo huu.

Lithiamu ya LFP yenye uniti 5 tu inafanya kazi hiyohiyo, kwa sababu karibu yote inatumika.

Bei nazo zimeshuka. BloombergNEF iliweka wastani wa pakiti ya lithiamu kuwa dola 115 kwa uniti mwaka 2024, kutoka zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010. Hiyo ni bei ya wanunuzi wakubwa. Dukani utalipa zaidi.

Wauzaji hupenda kutaja kwamba LFP inachajiwa mara 2,000 na zaidi. Kwa kampuni inayokata nyasi kila siku, sawa. Kwa mtu wa nyumbani anayekata mara 30 kwa mwaka, hiyo ni miaka zaidi ya 60! Namba haimsaidii. Kinachoua betri zake za maji ni kuachwa stoo miezi ya baridi bila chaji, hadi sahani za ndani ziote ukoko wa salfati. LFP huvumilia kukaa.

Ila risasi ina jambo lake. Betri sita zina uzito wa zaidi ya kilo 160. LFP ya uniti 5 ni takriban kilo 50. Kwenye gari uzito ni hasara, lakini trekta linalovuta tela au kusukuma theluji linauhitaji, la sivyo matairi yanateleza. Wanaohamia lithiamu wengine hulazimika kupakia vyuma kufidia.

Na LFP haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika. Kwa anayesukuma theluji na kulaza trekta kwenye banda lisilo na joto, betri za maji bado zina hoja.

Kwa wengine wote, LFP, mradi bajeti iwe na chaja mpya pia. Chaja ya zamani ilipangwa kwa volti za risasi, na kuiunganisha na lithiamu ni kutafuta balaa.