Mbio za yadi 40 hazidaki mpira

Wanafunzi wangu wawili walinijia juzi wakibishana juu ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao Wakenya wengi walianza kuusikia mwaka wa 2013, pale mchezaji wetu wa raga, Daniel Adongo, aliposajiliwa na Indianapolis Colts ilhali hajawahi kuucheza hata siku moja. Ubishi wao ulikuwa huu: timu ya kulipwa inapomtafuta mpokeaji kutoka chuo kikuu, je, isimchukue tu yule mwenye mbio kuwashinda wote? Sikuwajibu papo hapo. Nawajibu leo.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, mpokeaji ni yule anayejipanga kandokando ya uwanja, akachomoka mpira unapoanzishwa na kufuata njia aliyoafikiana na mrushaji mkuu, yaani kotabeki, ili yeye na mpira wafike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kila mwaka, kabla timu za ligi ya NFL hazijateua wachezaji zamu kwa zamu, vijana walio bora hualikwa kwenye majaribio, wakapimwa kimo, uzani, urefu wa mikono na mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu.

Mwaka wa 2017, John Ross wa Chuo Kikuu cha Washington alizikata yadi hizo kwa sekunde 4.22, ikawa rekodi mpya ya majaribio hayo. Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo kisichovuma sana katika jimbo lilo hilo, alitumia sekunde 4.62. Cincinnati Bengals walimteua Ross katika nafasi ya 9. Kupp alingoja hadi nafasi ya 69, ndipo Los Angeles Rams wakamchukua.

Yaliyofuata yanajulikana. Ross hakudaka hata mpira mmoja katika msimu wake wa kwanza, na kwa misimu yote minne aliyokaa Cincinnati alidaka mipira 51. Kupp, katika msimu wa 2021 peke yake, alidaka 145, akajipatia yadi 1,947 na kufunga mara 16. Aliongoza ligi nzima kwa hesabu zote tatu, na mnamo Februari 2022 akatawazwa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl.

Ni rahisi sasa kuwacheka Bengals. Mimi siwacheki. Ross hakuwa mkimbiaji mtupu. Mwaka wa 2016 alidakia chuo chake mipira 81 na kufunga mara 17. Kupp naye alikuwa amedaka mipira 428 kwa miaka minne, lakini mingi dhidi ya vyuo vya daraja la chini, na mwamuzi makini ana haki ya kuuliza: jogoo huyu atawika mjini? Hata hivyo, jibu lilikuwapo kwa aliyetaka kulitafuta. Mwaka wa 2014 Eastern Washington walikwenda Seattle kucheza na chuo hicho hicho cha Ross, wakashindwa 59 kwa 52, na Kupp akawafunga wenyeji mara tatu.

Saa ya mbio hupima mtu anayekimbia moja kwa moja, bila vazi zito la kinga, bila adui mbele yake, na anayeanza apendapo. Uwanjani, katika yadi tano za kwanza, beki anaruhusiwa kumsukuma. Ndipo hutakikana hila ya miguu, mikono yenye nguvu, na akili ya kutambua upenyo ulipo kabla haujafunguka. Rams, chini ya kocha wao mpya Sean McVay, walihitaji mtu wa kujipanga karibu na katikati, adake palipo na msongamano, na hata awazuie wapinzani wanaomzidi mwili ili mwenzake apite na mpira. Kazi hiyo ilimfaa Kupp kama kidole na pete.

Hata hivyo, asije mtu akasema nimeibeza kasi. Xavier Worthy aliivunja rekodi ya Ross mwaka wa 2024 kwa sekunde 4.21, na Kansas City Chiefs wakamteua katika nafasi ya 28. Katika fainali ya Februari 2025, ingawa timu yake ilishindwa, alidaka mipira 8, akapata yadi 157 na kufunga mara mbili. Lakini anayemrushia ni Patrick Mahomes, ambaye mkono wake unaweza kumfikia mtu wa kasi hiyo. Mwepesi asiye na wa kumfikishia mpira hukimbia bure.

Nakiri kwamba nami nimewahi kuteua kikosi cha mpira wa vikapu cha shule kwa kutazama kimo tu. Warefu wangu walishindwa na vijana waliowafika kifuani, na mmoja wa niliowaacha ndiye aliyetufunga, kwani alikuwa amehamia shule ya jirani.

Basi, vijana wangu, mngenipa mimi kazi hiyo, ningeanza na timu kabla ya mchezaji. Nani anarusha, na mpira wake hufika wapi? Ni njia zipi zisizo na mtu? Kisha ningetazama michezo ya kijana dhidi ya wapinzani wake wakali, si ile aliyoshinda kwa mteremko. Saa ningeiuliza mwisho.

Na hata hapo ningelala kwa wasiwasi kwa sababu ya magoti. Ross alikuwa ameukosa msimu mzima wa 2015 kwa jeraha la goti, na jambo hilo lilijulikana. Lakini Kupp, aliyeteuliwa vyema kiasi hicho, alikatika kano ya goti Novemba 2018, na Rams walipocheza fainali Februari iliyofuata, yeye alikuwa mtazamaji.