Wawili katika nyumba ya magurudumu



Kila mwaka, baridi inapoanza kuingia Ulaya, mbayuwayu huziacha nchi zile, huvuka bahari na jangwa la Sahara, na wengi wao huja kukaa kwetu Kongo mpaka baridi iishe kwao. Hakuna anayeshangaa: ndege hufuata jua na chakula. Lakini katika Amerika ya Kaskazini wako watu wafanyao vivyo hivyo, tena si vijana, bali wazee wenye mvi. Bwana na bibi yake hufunga mlango wa nyumba yao mwezi wa kumi au wa kumi na moja, huenda kukaa jangwani, na hurudi mwezi wa tatu au wa nne. Watu wa huko huwaita «ndege wa theluji». Safari yao ina mafundisho kwa watu wote wa ndoa, ndiyo maana leo tunaieleza.

Wengi wao hutoka majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama Minnesota na Dakota ya Kaskazini, au majimbo ya Kanada kama Manitoba na Saskatchewan. Huko, katika mwezi wa kwanza, baridi ya usiku yaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Barabara hufunikwa na barafu, na mzee akiteleza huvunjika mifupa. Lakini kusini-magharibi, katika jimbo la Arizona, jua huwaka karibu kila siku. Kule Quartzsite, mji mdogo ulio karibu na mto Colorado, mchana wa mwezi wa kwanza joto hufika nyuzi 20 hivi, ingawa usiku wataka blanketi. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wenyeji 2,413 tu mjini humo. Wakati wa baridi, maelfu ya wageni huujaza uwanda na nyumba zao. Majira ya joto yakifika, joto hupita nyuzi 40, na uwanda hubaki mtupu.

Nyumba hizo ni za namna gani? Nyingine ni motokari kubwa, nyingine ni gari lisilo na injini livutwalo na motokari. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi, frigo na choo. Ardhi ya kandokando ya mji ni ya serikali. Tangu mwaka 1983 serikali imetenga mahali pa kukaa siku nyingi, kama pale La Posa, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa tisa hadi tarehe 15 ya mwezi wa nne. Kwa miaka mingi ada ya majira yote ilikuwa dola 180. Mahali pengine pa jangwa la serikali, mgeni hukaa siku 14 tu, kisha hana budi kuhama. Kwenye kambi hakuna nyaya za umeme: wengi huweka juu ya paa vibao vinavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme.

Jambo la kwanza wanalojifunza wawili hao ni maji. Nyumba ya magurudumu hubeba tangi la lita mia moja na zaidi, au mia chache, basi. Likiisha, lazima kwenda bombani kuchota. Kwa hiyo mtu haogi kama alivyozoea mjini. Hujimwagia maji kidogo, hufunga bomba, hujisugua kwa sabuni, ndipo hufungua tena kujisuuza. Maji machafu nayo yana tangi lake, na sheria yakataza kumwaga ya chooni juu ya ardhi. Hupelekwa kwenye shimo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Mmoja akitumia maji bila kufikiri, wote wawili watakosa. Nje ya dirisha lao umesimama mti wa saguaro, mpungate mrefu kuliko nyumba, ambao hunywa maji siku ya mvua, hunenepa, kisha huyatumia polepole kwa miezi mingi. Mti huo waweza kuishi miaka 150 na zaidi. Wenye nyumba hawana mwalimu mwema kuliko huo.

Jambo la pili ni ufinyu wa nafasi. Nyumbani, bwana akikasirika hutoka akaenda kwa rafiki zake, na bibi hubaki jikoni kwake. Jangwani wako katika chumba kimoja chenye urefu wa mita saba au kumi, na mmoja hawezi kupita mpaka mwingine aketi. Maneno ya uchungu hayana pa kwenda. Miaka thelathini bwana alishinda kazini, na bibi kazini kwake au nyumbani, wakaonana jioni na Jumapili. Sasa wanaonana asubuhi, mchana na usiku. Wenye busara hujiwekea desturi: mmoja huenda kutembea jangwani kabla jua halijapanda, mwingine husoma; na ugomvi haulali ndani.

Wasafiri wenyewe husema, tena wakicheka, kwamba ugomvi mkubwa hutokea wakati wa kurudisha gari nyuma ili kuliegesha. Bwana ameshika usukani, bibi amesimama nje akipunga mikono. Yeye amesema «kushoto», lakini kushoto kwa nani? Gari hugonga jiwe, na majirani wote husikia makelele. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kuanza, wawili hupatana juu ya ishara za mikono, na huweka sheria moja: dereva asipomwona mwenzake katika kioo, husimama papo hapo. Mambo mangapi ya ndoa yangetengenea kwa sheria hiyo!

Tena iko hatari inayotaka uangalifu wa wote wawili. Usiku wa jangwa ni baridi, na moto wa gesi ukiwaka katika chumba kilichofungwa, waweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Kwa sababu hiyo huweka chombo kinacholia sumu hiyo ikiingia, na moto usio na bomba la kutolea moshi hawalali nao. Sumu hiyo ni ileile itokayo katika mbabula yenye makala. Nanyi basi, mlioko milimani penye baridi, msiiingize chumbani usiku na kufunga mlango. Watoto ndio wa kwanza kulegea.

Isidhaniwe kwamba wote waliopo jangwani wamefuata raha. Baada ya shida ya fedha ya mwaka 2008, watu wengi wa Marekani walipoteza nyumba na akiba. Wazee wengine hawakuwa na nyumba nyingine ila ile ya magurudumu, wakawa wakizunguka kutafuta vibarua. Mwandishi Jessica Bruder aliwaeleza katika kitabu mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilipata tuzo kubwa ya Oscar mwaka 2021. Hivyo kambini, huyu ana nyumba kubwa inayomngoja kwao, na jirani yake hana mahali pa kurudi.

Katika makaburi ya Quartzsite liko kaburi lenye umbo la piramidi, na juu yake mfano wa ngamia. Ni la Hadji Ali, ambaye Waamerika walimwita Hi Jolly. Mwaka 1856 alikuja Marekani pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi ili wajaribiwe kubeba mizigo jangwani. Jaribio lile halikuendelea, lakini yeye alibaki, na mwaka 1902 akafa huko. Ndege wa theluji hupita hapo na kupiga picha. Kaburi hilo lawakumbusha neno ambalo wengi hawapendi kulisema: safari ina mwisho, na mara chache wawili hufika mwisho siku moja.

Tuseme basi kwamba usiku mmoja bwana mwenye miaka 70 ashikwa na maumivu ya kifua. Hospitali haipo mjini. Ile ya Parker iko mwendo wa kilometa 55 hivi. Bibi aweza kuita gari la wagonjwa kwa simu, lakini je, ataweza kueleza walipo, hapo penye vichaka na changarawe, pasipo jina la njia wala namba ya nyumba? Na bwana akilazwa, nani atakayefunga gesi, kumwaga tangi na kuirudisha nyumba mpaka Minnesota, mwendo wa kilometa 3,000 karibu, ikiwa bibi hajashika usukani hata siku moja? Kadhalika bibi akiugua yeye: je, bwana ajua dawa anazokunywa, na mahali zilipo karatasi za bima? Kwa hiyo wasafiri wa siku nyingi huwaonya wageni: kila mmoja aijue kazi ya mwenzake. Bibi aendeshe kipande cha njia kila safari, hata kama bwana aendesha vizuri zaidi. Bwana naye apike, na ajue vitabu vya fedha.

Wengine wametazama mbele zaidi. Bwana Joe Peterson na bibi yake Kay, waliounda chama cha wasafiri hao mwaka 1978, waliona wenzao wakizeeka barabarani. Mjini Livingston, katika jimbo la Texas, waliweka mahali ambapo mzee asiyeweza tena kuendesha aliweza kuegesha nyumba yake, akaendelea kulala kitandani pake mwenyewe, huku akipata chakula na kupelekwa kwa mganga.

Sisi wengi hatuna nyumba za magurudumu. Lakini katika nyumba ngapi za matofali bwana peke yake ndiye ajuaye karatasi za kiwanja ziko wapi, nani anamdai na nani anadaiwa naye? Siku afapo, mjane husimama mlangoni mikono mitupu, na wajanja hufika kabla machozi hayajakauka. Na katika nyumba ngapi bibi peke yake ndiye ajuaye mtoto yupi hawezi dawa fulani?

Bwana, jioni hii mwonyeshe bibi yako karatasi zote, moja moja, naye aziguse kwa mkono wake. Bibi, nawe mweleze ayajue yaliyo mikononi mwako. Wenye ndoa wakijuana hivyo, mmoja akianguka njiani, mwingine hatapotea.