Chakula cha Mama Mja Mzito na Mshahara wa Karani



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, vyeo, nyumba na malipo ya uzeeni. Mambo hayo ni haki yetu, wala hatutaacha kuyadai. Lakini leo twataka kuuliza jambo ambalo halimo katika madai yetu yo yote: mshahara ukiisha kupatikana, je, wafika katika sahani ya mama mwenye mimba nyumbani mwetu? Maoni yetu ni kwamba mara nyingi haufiki. Na kosa hilo si la Serikali wala la mama mwenyewe, bali ni letu sisi tushikao fedha.

Tutazame jinsi chakula kipakuliwavyo katika nyumba nyingi. Bwana arudipo kazini huwekewa nyama au samaki mbele yake. Wageni hufuata, kisha watoto. Na mama aliyepika hubakiwa na mchuzi na ukoko. Akiwa mja mzito twamwambia ale vizuri, lakini hatuongezi hata senti moja katika fedha za sokoni. Tena iko miiko katika makabila kadha wa kadha, kama ule wa kumkataza mja mzito mayai. Twawaheshimu wazee wetu. Lakini yai hujenga mwili, na mwili unaojengwa hapo ni wa mjukuu wao.

Wako wanaosema, “Mama zetu walizaa bila vidonge.” Ni kweli, walizaa. Lakini asemaye hivyo ni yule ambaye mama yake alipona. Aliyelelewa na shangazi kwa sababu mama yake alitokwa damu siku ya kuzaliwa kwake hasemi maneno hayo. Karani ajua maana ya akiba. Mama mwenye damu haba huingia katika siku ya kuzaa bila akiba, na kiasi cha damu ambacho mwenye afya aweza kukipoteza akapona chaweza kumwua yeye.

Maarifa ya jambo hili si ya jana. Mwaka 1928 daktari wa Kiingereza, Bibi Lucy Wills, alikwenda Bombay, nchi ya India, kuchunguza kwa nini wanawake wa viwanda vya nguo walipungukiwa mno na damu wakati wa mimba. Aliona kuwa walioumia zaidi ni wale ambao kwa umaskini chakula chao kilikuwa hafifu. Akawapa kitu cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa hamira, na damu yao ikarudi. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1931. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani waliipata dawa yenyewe katika majani ya spinachi, wakaiita asidi ya foliki, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya jani. Basi dawa hii ambayo wengine waidhania kuwa ngeni, asili yake imo katika mboga za majani tuzipitazo sokoni kila jioni.

Nchini Tanzania nako ushahidi upo. Mjini Dar es Salaam wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na fungu moja likaongezewa vitamini mbalimbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 walikuwa 7.8 katika kila 100 kwa waliopewa vitamini, na 9.4 kwa wasiopewa. Lakini vitamini hizo hazikuonekana kupunguza uzazi wa kabla ya wakati wala vifo vya watoto tumboni. Twaandika yote mawili, maana hesabu ya kweli huandika mapato na matumizi.

Shirika la Afya Duniani lashauri kila mja mzito ameze kila siku madini ya chuma miligramu 30 hadi 60, pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4, na afike kliniki kabla ya mimba kutimia wiki 12. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza, kabla wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mwenye nia ya kuzaa afadhali aanze asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Desturi ya kuificha mimba hata ionekane yenyewe yatupotezea siku zilizo bora. Mficha uchi hazai.

Twajua pia kwamba vidonge vingi hulala kabatini. Humtia mama kichefuchefu, humfunga choo, au huogopa aonapo choo cheusi. Weusi huo ni wa madini ya chuma tu, wala si ugonjwa. Akivimeza baada ya chakula au wakati wa kulala, mara nyingi hupata nafuu. Bali vifungiwe mbali na watoto wadogo, maana mtoto akimeza vingi ni sumu. Wala mtu asidhani kwamba kuzidisha ni kufaidi: asidi ya foliki ya miligramu 5 au zaidi hudhoofisha vidonge vya SP wapewavyo wajawazito kuwakinga na malaria, na ini likiliwa mno huleta vitamini A kupita kiasi, nayo yaweza kumdhuru mtoto. Mkunga aulizwe kwanza.

Lakini kidonge hakishiki mahali pa chakula. Wako wenzetu wanunuao makopo na chupa za dawa za nguvu kwa bei kubwa, huku nyumbani hamna maharage. Dagaa waliwao pamoja na mifupa yao huleta chokaa ya mifupa. Maharage, kunde na choroko hujenga mwili. Mchicha, matembele na kisamvu vina faida nyingi. Na chungwa, pera au embe likiliwa pamoja navyo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai huyazuia madini hayo. Basi inywewe mbali na chakula na vidonge. Udongo ambao wajawazito wengine huutamani huzuia vilevile. Na chumvi iwe ile yenye madini joto.

Mtoto akiisha kuzaliwa, wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Anyonyeshaye huhitaji chakula kingi hata kuliko mja mzito. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa, bali apewe mtoto katika saa ya kwanza. Kwa miezi sita anyonye tu, bila maji wala uji. Kisha aanzishiwe chakula, huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi.

Hapa tuna neno kwa ofisi zetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika Tanzania, yampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Na arudipo kazini yampa ruhusa ya kunyonyesha hata saa mbili kwa siku. Lakini twazijua ofisi ambamo mama akiinuka kwenda kunyonyesha hutazamwa kwa jicho baya, hata akaona haya kuitumia haki yake, na maziwa yakamkauka. Wamtazamao hivyo si wakubwa peke yao. Ni sisi makarani wenzake. Chama kidaicho haki kwa Serikali hakiwezi kumnyima haki dada aliye meza ya pili.

Basi twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, siku ya mshahara fedha za chakula cha mja mzito zitengwe kabla ya madeni ya dukani na kabla ya vinywaji, maana mimba haina mwisho wa mwezi. Pili, bwana amsindikize mkewe kliniki mapema, ayasikie mwenyewe maneno ya mkunga. Tatu, kipande cha samaki kianzie kwake.

Hatuhitaji waraka wala idhini ya mkubwa ye yote ili tufanye haya. Yaanze leo jioni, sahani zikipakuliwa.